Waraka uliotumwa si waraka uliofika



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuongoza ndege. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni hili: kanuni inayohusu vituo viwili haifai kubadilishwa na kituo kimoja. Jambo hili laonekana dogo, lakini uhai wa abiria wategemea jambo hilo.

Anga imegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina kituo chake. Ndege itokayo Dar es Salaam kwenda Nairobi huanza safari mikononi mwa waongozaji wa Tanzania, kisha hukabidhiwa kwa wenzao wa Kenya. Makabidhiano ya namna hiyo hayafanywi kwa kubahatisha. Vituo jirani hutiliana saini hati ya makubaliano, inayotaja ndege ikabidhiwe mahali gani, katika kimo gani, na taarifa zake zipelekwe mapema kiasi gani.

Tuchukue mfano. Kituo kimoja kinaamua, kwa sababu nzuri kabisa, kwamba kuanzia Jumatatu ndege zitavuka mpaka futi 2,000 chini ya kimo cha zamani. Waraka unatiwa saini na kubandikwa ukutani. Jirani hajaupata, au ameupata, ila zamu ya usiku haijausoma, nayo inaendelea kukitumia kimo hicho kwa ndege zinazoikatiza njia ile. Kanuni ya zamani inayojulikana na wote ni salama kuliko kanuni bora inayojulikana na upande mmoja.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka utaratibu. Mabadiliko muhimu huanza kutumika katika tarehe zilizopangwa kimbele, kila baada ya siku 28, nazo huangukia Alhamisi. Taarifa sharti ziwafikie wahusika siku 28 kabla. Na kwa mabadiliko makubwa zaidi, hushauriwa zitolewe siku 56 kabla. Muda huo si urasimu. Ni muda wa kuchapa ramani, kurekebisha kompyuta, kuifundisha kila zamu, na kumpa jirani nafasi ya kujibu kwamba amepokea, ameelewa, na yu tayari.

Ndugu zangu, usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, ndege mbili ziligongana karibu na mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto. Anga ile, ingawa ni ya Ujerumani, iliongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Usiku ule mafundi walikuwa kazini katika mitambo ya Zurich. Simu kuu ilikuwa imezimwa, na ya akiba ilikuwa na hitilafu. Mwongozaji mmoja alihudumia meza mbili peke yake, wala hakuwa ameelezwa kikamilifu athari za kazi ile ya mafundi. Wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari katika rada yao, wakapiga simu tena na tena, wasimpate. Sababu za ajali zilikuwa nyingi: marubani wa ndege moja walipata hata amri mbili zinazopingana, ya mwongozaji na ya chombo cha tahadhari. Lakini hili moja latosha kututia simanzi: jirani aliona, asiwe na njia ya kusema.

Nasi tulio maofisini na mashuleni tunayo mipaka yetu. Idara hubadili fomu, na wilaya huendelea kupokea ya zamani. Mwananchi ndiye anayerudishwa nyumbani. Kabla hatujatia saini badiliko lolote, tujiulize: Nani mwingine linamgusa? Ameshauriwa? Amepewa muda? Amejibu?

Waraka uliotumwa si waraka uliofika, na uliofika si lazima uwe umesomwa. Kazi ya anayebadili kanuni haiishi mpaka jirani yake ajibu.