Kumpata wa kujitolea ni mwanzo, kumtunza ndiyo kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi na familia zilizohama makwao)



Leo tuzungumze juu ya watu wanaojitolea kutengeneza ramani za vijiji vyetu. Pengine unajiuliza: ramani inanisaidia nini mimi niliyekimbia nyumba yangu? Inakusaidia hivi: kijiji kisicho na jina kwenye ramani, ni vigumu chanjo na chakula kukifikia. Tuliona umuhimu wa ramani wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020.

Tangu 2004 kuna ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia kwa njia ya intaneti. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu na wenzao walianzisha kazi ya Missing Maps. Watu wa mbali hutazama picha zilizopigwa toka angani, wakachora nyumba na barabara. Lakini picha haisemi jina. Jina la kijiji, la mto, la kivuko, analijua mwenyeji. Hata akiwa kambini, analo kichwani.

Basi tunawaita vijana, wanakuja wengi. Baada ya muda wamebaki wachache. Kwa nini?

Tujifunze kwa Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa 2001. Kuanzia 2007 waandishi wa toleo la Kiingereza walianza kupungua. Watafiti waligundua sababu moja kubwa: wageni wengi walikuja kwa nia njema, lakini kazi yao ya kwanza ilifutwa upesi, wala hawakuelezwa vizuri kosa lao. Wakaenda zao.

Hapa kwetu jambo hilo ni zito zaidi. Kuna vijiji vyenye majina mawili, kila kabila na lake. Ukifuta jina alilolileta kijana wa upande mmoja, hujampoteza yeye tu. Umewaambia watu wake kwamba hawana kwao. Hapo ugomvi unazaliwa. Ramani hiyo ina nafasi ya kuandika jina zaidi ya moja. Tuitumie.

Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa ya lazima, watu walikwenda kwa kuogopa adhabu. Lakini likelemba hakuna anayelazimishwa, na watu hawaiachi, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika. Anayejitolea naye lazima aone zamu yake.

Kwa hiyo, viongozi, nawaomba haya:

– Mwambieni ukweli tangu siku ya kwanza: hakuna mshahara.
– Mpeni kwanza kazi ndogo anayoiweza, na mtu wa kumwonyesha.
– Akikosea, mweleweshe kwa upole. Msifute bila kumwita.
– Mwonyesheni matunda: jina alilolileta, mahali lilipoandikwa.
– Chagueni toka makabila yote. Akina mama wasisahauliwe, maana njia za maji na za shamba wao ndio wanaozijua.
– Msiandike kamwe mahali watu wanapojificha. Ramani hiyo inaonwa na wote, hata wenye silaha.

Tukifanya hivyo, siku ya kurudi nyumbani tutakuta majina yetu yanatungoja, na ya majirani zetu pia.