Muziki Umechanganyika: Je, Kindu Tumo?



Kuna wazee hapa mjini Kindu wanaolalamika kwamba vijana wameuharibu muziki, kwamba siku hizi hujui kama unasikiliza rumba, bongo fleva au amapiano ya Afrika Kusini. Nawaheshimu wazee wetu, lakini kwa hili sikubaliani nao.

Pitieni kwenye kibanda cha kuchaji simu, iwe Kasuku au ng'ambo kule Alunguli. Kijana yuko mbele ya kompyuta, mteja anamkabidhi kadi ya memori. Anataka nyimbo za Franco kwa ajili ya baba, kwaya kwa ajili ya mama, kaswida za Ramadhani za jirani, Fally Ipupa wake mwenyewe, na chochote kipya kutoka Lagos na Dar es Salaam. Vyote vinaingia kwenye kadi ndogo kuliko ukucha, kisha mteja anapanda mtumbwi, anavuka mto Lualaba huku simu ikipiga wimbo wowote unaofuata. Wengi hawana pesa ya kununua mega kila siku, kwa hiyo wimbo ulioshushwa na mmoja hupita simu hadi simu mpaka mtaa mzima unao. Kijana aliyelelewa na kadi kama hiyo, akishika gitaa, atatunga rumba tupu kwa njia gani?

Na rumba yenyewe haijawahi kuwa tupu. Santuri za Kuba zilizoletwa tangu miaka ya 1930 ndizo zilizowachochea wanamuziki wa Kongo, nao wakasikia ndani yake midundo iliyokuwa imevushwa bahari pamoja na watumwa. Desemba 2021 UNESCO ilipoitia rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, iliheshimu mchanganyiko.

Sisi wa mkoa wa Maniema tuna ushahidi wetu. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa huku kwetu mwaka 1947. Mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam, akapiga na bendi ya Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila, akaimba Kiswahili cha mnyonge juu ya gitaa la Kongo. Watanzania walimpenda kama mtoto wao. Mwaka 1989 albamu yake ikatoka Uingereza, na humo mna wimbo unaoitwa *Muziki Asili Yake Wapi*. Ili achanganye muziki, Remmy ilimlazimu ahame nchi. Lakini Diamond wa Tanzania aliimba na Fally mwaka 2019, mwaka uliofuata akaimba na Koffi Olomide, mzaliwa wa Kisangani, na nyimbo hizo zikatua kwenye simu za Kindu bila mtu kukata tiketi.

Kinachoniuma ni kingine. Tafuteni kwenye kadi hiyo ngoma za Wagenya, wavuvi wa mto huu. Tafuteni nyimbo za Warega wa Pangi, au kaswida zilizotungwa Kasongo, mji wenye Uislamu wa tangu karne ya 19. Ni nadra kuzipata. Tunapokea vya wote, na vyetu havipandi mtandaoni. Mtayarishaji wa Nairobi au Johannesburg hawezi kuchanganya mdundo ambao hajawahi kuusikia, na kijana wetu wa studio hapa hapa anaiga ngoma ya mbali kwa sababu ya nyumbani haimo kwenye simu yake.

Kwa hiyo nawaomba. Kwenye matanga, arusi au sherehe ya kijijini, ombeni ruhusa kwanza, kisha rekodini kwa simu zenu. Tajeni jina la mwimbaji, kijiji chake na mwaka, ili kijana akiutumia mdundo huo na ukamletea pesa, ajulikane wa kugawana naye. Mwenye kaseti za zamani azitoe sandukuni kabla utepe haujaoza. Zileteni hapa redioni, tutazipiga.