Sauti Zikinyamaza: Dopamini, Kumbukumbu na Funzo la Wanyama wa Maabara kwa Wanaotibiwa Skizofrenia Kariakoo

1. Utangulizi

Naomba tuanzie Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nne asubuhi. Kijana wa duka ana wateja watatu. Mmoja anataka doti mbili za khanga, wa pili anasubiri chenji ya elfu kumi, wa tatu anauliza bei ya jora la kitenge. Ili awahudumie, lazima ayashike yote kichwani kwa dakika chache, kisha ayaachie. Uwezo huo nitauita kumbukumbu ya papo kwa papo.

Sasa mchukulie kijana huyo amepata skizofrenia, akatibiwa, akarudi kazini. Sauti alizokuwa akizisikia peke yake zimenyamaza, lakini chenji zinampotea na maagizo yanamchanganya. Tajiri wake anamwona mvivu. Nyumbani wanasema amerogwa upya. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanakosea: kupungua kwa kumbukumbu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na majaribio ya wanyama yanatusaidia kuelewa kwa nini dawa ya sauti haiirudishi.

2. Dawa zinagusa wapi

Dopamini ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana taarifa. Klopromazini, mojawapo ya dawa za kutuliza sauti, ilianza kutumika kutibu wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, kabla ya kujulikana inafanyaje kazi. Mwaka 1975 Philip Seeman na wenzake, Toronto, walionyesha kwamba kadiri dawa ya aina hii inavyokishika kwa nguvu kipokezi cha dopamini, ndivyo dozi yake inavyohitajika kuwa ndogo. Kipokezi hicho, D2, kimejaa katika striatamu, ndani kabisa ya ubongo. Dawa ikikiziba, sauti hutulia kwa wagonjwa wengi.

Kumbukumbu ya papo kwa papo, hata hivyo, hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso. Huko kipokezi kilicho kingi ni kingine, D1.

3. Ushahidi wa kima na panya

Mwaka 1979, nchini Marekani, Thomas Brozoski, Patricia Goldman-Rakic na wenzao waliwafunza kima kutafuta chakula kilichofichwa, safari hii kushoto, safari ijayo kulia. Kima alipaswa kukumbuka alikotoka kukipata. Dopamini ilipopunguzwa katika sehemu ya mbele ya ubongo, walishindwa karibu sawa na kima walioondolewa sehemu hiyo yote. Walipopewa dawa za kufidia dopamini, uwezo ulirudi.

Mwaka 2000 kundi la Goldman-Rakic likaonyesha kwamba kima waliopewa haloperidoli, dawa nyingine ya kuziba D2, kwa muda mrefu walipungukiwa kumbukumbu hiyo hiyo, na dawa ya kuamsha D1 ikawarudishia. Dopamini ya sehemu ya mbele ni kama chumvi kwenye mboga: ikipungua ni kasoro, ikizidi pia ni kasoro.

Kuhusu panya, Watanzania hatuhitaji kushawishiwa kwamba wanajifunza. Panya buku waliofunzwa Morogoro hunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Columbia, Christoph Kellendonk, Eleanor Simpson, Eric Kandel na wenzao walitengeneza panya wenye vipokezi vya D2 vilivyozidi katika striatamu peke yake. Wakiwekwa kwenye njia panda, walisahau walikotoka. Watafiti walipoizima jeni iliyoongeza vipokezi hivyo, panya wakiwa wakubwa, vipokezi vilirudi kawaida, lakini kumbukumbu haikurudi. Dosari ilikuwa imeshajengeka ubongo ulipokuwa unakua. Kama kwa binadamu ni hivyo, dawa inayoanza mgonjwa akiwa na miaka ishirini inaikuta nyumba imeshasimama.

4. Mipaka

Panya hana skizofrenia, wala hatuwezi kumuuliza anasikia nini. Kila mfano huiga kipande kimoja tu cha ugonjwa. Dawa za kuamsha D1 nazo bado hazijawa tiba ya kumbukumbu ya wagonjwa wa skizofrenia hospitalini.

5. Mapendekezo

Kwanza, kliniki zetu za afya ya akili, kuanzia Hospitali ya Muhimbili, jirani na Kariakoo, zisiishie kuuliza kama sauti zimekoma. Zipime kumbukumbu pia. Pili, dozi iwe ile ndogo inayotosha, kwa uamuzi wa daktari. Mgonjwa asiache dawa kwa kusikia mada hii, maana sauti zikirudi humpotezea hata kile alichobaki nacho. Tatu, matajiri wa Kariakoo wampe kijana kazi moja kwa wakati mmoja, daftari la maagizo na mwenzake wa kuhakiki chenji. Nne, familia ziwalete vijana kliniki mapema, mara tu zinapoona tabia yao inabadilika.

Ndugu washiriki, kijana huyo hajakataa kazi. Mpeni kalamu, daftari na muda, naye atahudumia wateja wake mmoja baada ya mwingine.