KUNG'OA BERINGI BILA KUHARIBU SHAFTI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)

Ndugu wanachama,

Tumekutana leo kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu huifanya mara kwa mara: kung'oa beringi katika shafti ya mota. Wengine huiona ni kazi ndogo, lakini yatuletea ugomvi mwingi. Shafti ikichubuka, mwenye mashine husema, "Fundi alipe." Na jicho likipigwa na kibanzi cha chuma, halina spea. Basi yatupasa kuijua kazi hii sawasawa, tulinde mwili na mshahara.

Beringi ina pete mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake zimo gololi. Katika mota, kwa kawaida pete ya ndani ndiyo iliyobana shafti. Nguvu ya kung'oa yapasa iende kwenye pete iliyobana. Ukivuta ya nje, nguvu yote hupita katika gololi, nazo huacha vishimo vidogo katika njia yao. Kwa macho pengine huvioni. Beringi ikirudishwa, mota hunguruma, na fundi huitwa tena kulaumiwa.

Kazi yenyewe ni hivi:

1. Zima umeme, na swichi ifungwe kwa kufuli. Vaa miwani ya kazi.

2. Andika namba ya beringi. Iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25; 6206 ni milimita 30. Pima pia imekaa umbali gani kutoka mwisho wa shafti.

3. Toa nati au klipu inayoizuia. Safisha shafti kwa msasa, tia mafuta mepesi, uyape muda yapenye.

4. Funga pula, miguu yake ishike nyuma ya pete ya ndani. Miguu mitatu ni bora kuliko miwili. Nafasi ikiwa ndogo, tia sahani mbili za kubana nyuma ya beringi. Skrubu isimame katikati kabisa, na kipande cha chuma kilinde mwisho wa shafti.

5. Funika kwa gunia, maana beringi huweza kuruka. Kaza polepole. Ikikataa, usiongeze bomba kwenye spana. Tazama kwanza kama kuna klipu iliyosahauliwa.

Nyundo isipige beringi yenyewe. Chuma chake ni kigumu, hupasuka na vibanzi huruka kama risasi. Pula ikikosekana, tumia kipande cha shaba, ukigonga pete ya ndani upande huu na upande huu. Moto wa gesi nao huharibu ugumu wa shafti.

Ikiwa hakuna njia ila kuvuta pete ya nje, mwambie msimamizi kabla ya kuanza kwamba beringi ile haitarudishwa, na iandikwe katika kitabu cha kazi.

Sasa juu ya haki yetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Fundi aliyeomba pula akapewa nyundo, makusudi yake yako wapi? Lakini neno la mdomo hupotea. Ombeni vifaa kwa barua, mbaki na nakala, nyingine apewe mjumbe wa chama. Miwani nayo si zawadi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Ndugu, tukiijua kazi yetu na kuiandika, hakuna atakayetubandika hasara isiyo yetu. Haya tuyafikishe na kwa wenzetu wa zamu ya usiku.

Umoja ni nguvu.