Mboga za Kuanzia: Uchaguzi wa Mimea ya Bustani ya Nyumbani kwa Kaya za Pwani



Wengi wetu tukitaka kulima mboga uani huanzia duka la pembejeo. Tunanunua pakiti za hoho, nyanya na kabichi kwa kuwa picha zake zinavutia, na baada ya miezi miwili yamebaki matuta matupu. Naomba tuanzie kwingine, kwenye mboga ambazo jirani tayari anazo. Kwa anayeanza Dar es Salaam, Bagamoyo au Tanga, napendekeza maswali mawili. Je, mmea unavumilia joto na siku moja ya kusahauliwa bila maji? Na je, mbegu au kipando cha msimu ujao kitapatikana hapo hapo uani?

Kabichi hupenda ubaridi wa Lushoto na Mbeya. Ukiipanda pwani mwezi Januari, mara nyingi haifungi. Nyanya huota vizuri, lakini tangu mwaka 2014 tunaye kanitangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye viwavi wake hula wakiwa wamejificha ndani ya jani, hivyo dawa huwafikia kwa shida. Sisemi nyanya ziachwe. Nasema zisiwe somo la kwanza.

Somo la kwanza liwe matembele. Chukua rando la kama sentimita 30 kutoka mmea wenye afya, usio na majani yaliyojikunja wala mabaka. Ondoa majani ya chini, bakiza machache ya kileleni. Lilaze kivulini siku moja au mbili chini ya gunia bichi, mpaka uone mizizi myembamba, myeupe, ikichungulia kwenye vifundo. Lifukie kwa mshazari, vifundo viwili au vitatu viwe ndani ya udongo. Panda jioni ili lipate usiku mzima wa kutulia, na mwagilia kila siku katika wiki ya kwanza. Baada ya mwezi hivi utaanza kuchuma vilele, na kila unapochuma, matawi mapya huchipua pembeni. Mwenye tuta moja la matembele hana haja ya kununua kipando tena, na anaweza kuwagawia majirani.

Mchicha unafuata. Mbegu zake ni ndogo mno, na wengi huzipoteza kwa kuzifukia chini sana. Zichanganye na mchanga mkavu, zinyunyize juu ya tuta lenye samadi iliyooza, kisha zifunike kwa udongo kiasi cha kuzificha tu. Wiki ya tatu au ya nne ng'oa iliyosongamana, upike. Sasa jambo ninalolisisitiza: mashina mawili matatu yaliyonawiri kuliko yote yasiguswe. Yaache yatoe mashuke, yakauke, uyapukuse na kupepeta kwenye ungo. Hiyo ndiyo mbegu yako, na imeshajaribiwa na udongo wako na jua lako. Kwa mbegu chotara mpango huu haufai, kwa sababu kizazi cha pili hakifuati sifa za mama.

Mgagani nao ni wa jua kali, na bamia haina masharti mengi, ila ichumwe kila baada ya siku mbili kabla haijakomaa ikawa na nyuzi. Kwenye uzio weka mlonge au kisamvu cha mpira. Mlonge ukate usawa wa kifua ili uchipue matawi unayoweza kuyafikia. Huvumilia ukame, lakini maji yakituama huoza mizizi. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwani kikiwa kibichi kina sumu.

Mboga hizi si za kukimbilia mtu akikosa nyingine. Pale Arusha, kituo cha World Vegetable Center kimekuwa kikikusanya na kuhifadhi mbegu za mboga zetu za asili kwa miaka mingi, kwa sababu lishe na ustahimilivu wake vina thamani kubwa.

Asiye na uwanja atumie viroba au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, na maji ya kuoshea mchele yatafaa kumwagilia. Muda mzuri wa kuanza ni mwanzo wa vuli, Oktoba, kwani masika ya Aprili husomba mbegu ndogo. Marando ya matembele yamo kwenye gunia pale mlangoni. Kila mshiriki achukue matano, na ayapande jioni, mizizi ikishachungulia.