Kifungo Nilichokuja Nacho Nyumbani



Nimeombwa niseme machache juu ya uhuru wa Mkristo. Nianze na habari ya hapa hapa Ugogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliwashika walimu Waafrika wa CMS, kwa kuwa misheni ile ilikuwa ya Waingereza, wakawafunga Tabora. Mmoja wao ni Andrea Mwaka. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, wafungwa wakafunguliwa. Na nyumbani je? Ikaingia njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, ambayo wazee wetu waliitaja kwa kunong'ona. Hata hivyo Andrea aliendelea na Injili, na mwaka 1921 akapewa daraja pamoja na Haruni Mbega.

Nami, ndugu zangu, nilikaa rumande siku 41 kwa fedha za ushirika ambazo sikuzigusa. Kesi ikafutwa. Nikatoka, lakini kifungo nikaja nacho nyumbani: miaka sita sikumwamkia aliyenishtaki, na kanisa letu ni moja! Nikimwona kisimani nageuza njia.

Jumapili moja niliinuka kabla ya Meza ya Bwana, nikaenda kwake. Alikuwa mgonjwa siku ile, mkewe akipura mtama peke yake. Maneno yalinikauka. Nikashika fimbo nikapura, mpaka yeye mwenyewe akatoka nje akalia.

Mishahara yangu sijalipwa hata leo. Lakini usiku ule nililala usingizi.