Usipande Matumbi na Breki Inayovuja

Mtasema, bwana shamba na breki wapi na wapi? Basi nisikilizeni. Ufuta wa Kilwa na korosho za Lindi haviendi ghalani kwa miguu. Machungwa ya Kipatimu hushuka milima ya Matumbi ndani ya magari, na mengine ni makuukuu, Land Rover zilizomzidi umri dereva wake. Juu ya magunia wamekaa watu. Gari hilo likikosa breki mteremkoni, hasara si ya machungwa.

Leo tuzungumzie masta silinda, yaani ile pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki magurudumuni. Katika magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970 pampu hii ina njia moja tu. Ikishindwa, magurudumu yote manne hayashiki.

Kila asubuhi, kabla hujapakia, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakipungua siku hadi siku, ujue yanakwenda mahali. Chungulia magurudumu kwa upande wa ndani. Kama ni pakavu, inama chini ya pedali. Kwenye Land Rover za zamani mafuta hufuata kifimbo cha pedali na kudondoka miguuni mwa dereva, na rangi ya bati hapo hubambuka. Upo pia uvujaji wa ndani, usioonekana. Gari likiwa limesimama, kanyaga pedali uishikilie, hesabu mpaka 30. Ikizama polepole na hakuna tone nje, mipira ya ndani imechoka.

Sasa lipo linaloniudhi. Wengine huongeza tu mafuta na safari ikaendelea, na wakiyakosa humimina oili ya injini, au maji ya sabuni. Jamani! Oili ya injini, dizeli na mafuta ya taa huvimbisha mipira ya breki, si ya masta silinda peke yake bali yote mpaka magurudumuni. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 100, na breki za mteremko mrefu hupata joto kupita hapo. Yakigeuka mvuke, pedali inakwenda mpaka chini, gari linakwenda zake.

Je, tutengeneze au tununue nyingine? Jibu limo ndani ya silinda. Fundi aifungue juu ya kitambaa safi, apange vipande kama vilivyotoka, aoshe kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, kisha apitishe kidole. Ukuta ukiwa laini kama kioo, mipira mipya yatosha, nayo ni rahisi kuliko silinda nzima. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo au vishimo vya kutu, msijidanganye, nunueni silinda. Kusugua kwa msasa mpaka vishimo viishe hupanua tundu, na mpira haubani tena. Kwetu pwani kutu haikawii, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kopo lililokaa wazi dukani liacheni huko huko. Na mkienda kununua, chukueni silinda ya zamani mkononi, kwani vipimo hutofautiana hata kwa magari yanayofanana.

Wakati wa kufunga, kifimbo cha pedali kiachiwe mchezo kidogo. Kikibana, mafuta hayarudi, breki hushika zenyewe njiani na kuwaka moto. Halafu upepo utolewe, kwa magari mengi kuanzia gurudumu la mbali na silinda. Mmoja akanyage, mwingine afungue nati, aifunge kabla mguu haujainuka, na kikopo kisiachwe kikauke. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Pedali iwe ngumu na isizame. Lijaribuni gari uwanjani, likiwa tupu, kabla ya kwenda mlimani.

Kama uvujaji umewakuta mkiwa tayari njiani na mzigo, simameni, wekeni mawe magurudumuni, watu washuke. Gea ndogo na hendibreki si ruhusa ya kuendelea kushuka.

Mafuta yaliyotoka msiyarudishe, wala msiyatie kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hajui.

Juma lijalo tutarudi kwenye ufuta: namna ya kusimamisha vitita vikauke bila kumwaga mbegu. Kwaherini.